Sura ya Sita: Mikono Iliyozoea Nyoka

Mwaka 1922 jarida la wanazuolojia wa London lilichapisha maelezo ya nyoka mdogo wa msituni kutoka Milima ya Uluguru, ambaye sayansi ilikuwa haijampa jina. Mwandishi wake alikuwa Arthur Loveridge, Mwingereza aliyefika Nairobi mwaka 1914 kuhudumia makumbusho. Vita vilipozuka akajiunga na jeshi, akaingia Tanganyika na kikosi huku akiokota mijusi na nyoka kando ya njia, na amani iliporudi akaajiriwa katika Idara ya Wanyamapori. Nyoka wa Uluguru akampa jina la procterae, kwa heshima ya Joan Procter, binti wa London aliyekuwa akichambua reptilia waliotumwa kutoka kila pembe ya dola ya Mwingereza.

Mwaka uliofuata Procter alikabidhiwa usimamizi wa reptilia katika bustani ya wanyama ya London. Nyumba ya reptilia aliyoisanifu yeye mwenyewe ilifunguliwa mwaka 1927, na muda si mrefu wageni wa bustani wakazoea kumwona akitembea na joka la Komodo, mjusi mkubwa kuliko wote duniani. Mwaka 1928 alimpeleka mbele ya mkutano wa wanasayansi, akamlisha kwa mkono wake huku wakubwa wale wakitazama. Alifariki mwaka 1931, akiwa na umri wa miaka 34. Vitabu vimemtunza vizuri, naye anastahili. Sura hii inawatafuta wenzake wa huku kwetu: watu walioshika nyoka mbele ya umati au peke yao chini ya mgomba, ambao ujuzi wao uliandikwa kwa jina la mtu mwingine, au haukuandikwa kabisa.

Anayeijua Morogoro anajua mlima ulivyo karibu. Ukisimama sokoni, Uluguru imekuinamia. Juu ya mashamba kuna msitu wa mawingu, na mito inayoteremka kutoka humo huingia Ruvu, ambao ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Msitu huu umesimama peke yake kwa muda mrefu mno, umetengwa na misitu mingine kwa nyanda kavu za chini, hivyo viumbe wake wengi hawapatikani pengine popote. Loveridge alilitambua hilo mapema. Alipohamia Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 1924, haukupita muda akarudi, na mwaka 1926 akapiga kambi sehemu kama Nyange na Bagilo, juu milimani. Kazi ya safari ile ilitoka mwaka 1928, akishirikiana na mkuu wake Thomas Barbour, ikilinganisha reptilia na vyura wa Uluguru na wale wa Usambara. Ndani yake mna nyoka kipofu wa chini ya udongo aliyepewa jina la uluguruensis, na mwingine mwenye marembo mazuri kiasi kwamba walimwita ornatissima, yaani aliyepambwa kuliko wote.

Nyoka kipofu haonekani kwa kutembea msituni na bunduki begani. Anaonekana jembe linapogeuza udongo, gogo lililooza linapobiringishwa, au shina la mgomba linapokatwa. Kwa maneno mengine, humwona mkulima. Loveridge mwenyewe hakulificha jambo hili. Vitabu vyake vya safari vimejaa wanakijiji na watoto wanaokuja kambini na wanyama wa kuuza, kila mmoja na bei yake kwa senti. Msaidizi wake mkuu wa miaka mingi, Salimu bin Asmani, anatajwa humo kwa jina na kwa sifa. Lakini lebo inayofungwa kwenye mwili wa nyoka ni ndogo. Ina namba, mahali, tarehe na jina la mkusanyaji, na mkusanyaji ni mmoja tu.

Hebu tuitazame kazi yenyewe, maana inaeleza kwa nini mikono ile ilihitaji kuwa mizuri. Nyoka aliyepondwa kichwa kwa fimbo hana faida kwa makumbusho. Kichwa ndicho chenye meno na magamba ya utambulisho, kwa hiyo lazima aje mzima. Akishauawa bila kuharibiwa hudungwa dawa ya kuzuia kuoza, hukunjwa vizuri, hufungwa lebo, kisha huzamishwa kwenye chombo cha spiriti. Baadaye mtaalamu humgeuza tumbo juu na kuhesabu magamba mapana moja moja, kuanzia kooni hadi kwenye tundu la haja, kisha ya mkia, kisha safu zinazouzunguka mwili katikati. Nyoka wawili wanaofanana kwa rangi hutenganishwa na hesabu hiyo. Mtoto aliyeambiwa alete nyoka bila kumjeruhi alikuwa anapewa kazi ngumu kuliko ya babake aliyezoea kumaliza mambo kwa panga.

Na kumshika nyoka mzima kuna kanuni zake. Wanaoifanya kazi hii hukibana kichwa kwanza kwa kijiti chenye panda, kisha kidole gumba na cha kati hushika nyuma ya taya, cha shahada kikikaa juu ya utosi. Mkono wa pili hubeba kiwiliwili, kwa sababu nyoka aliyeachwa aning'inie hujipindapinda na kujinyonganyonga mpaka achomoke au aumie. Kanuni hii hufaa kwa swila. Kwa kifutu inafaa kwa tahadhari, kwani meno yake ni marefu kiasi cha kuweza kupenya taya lake la chini na kukifikia kidole. Kisha kuna nyoka mdogo mweusi wa ardhini, wa jamii ya Atractaspis, ambaye kanuni hii haimhusu kabisa. Meno yake hutokea pembeni ya mdomo hata akiwa ameufumba, na kichwa hakihitaji kugeuka ili kumchoma aliyemshika nyuma ya shingo. Amewauma wataalamu wengi waliomdhania kuwa nyoka wa kawaida asiye na madhara. Anayejua kwamba huyu hashikiki ana elimu, hata kama hajakaa darasani hata siku moja.

Kabla ya Loveridge na chupa zake, Uluguru ilikuwa tayari na nyoka maarufu kuliko wote. Jina lake Kolelo. Pango lake liko milimani, na sifa zake zilivuka mipaka ya Waluguru. Wazaramo walitoka pwani kwenda kuomba mvua na mavuno, nao walimzungumzia kama nyoka mkubwa akaaye pangoni na kusema na watu kupitia watunzaji wake. Mwaka 1905, vita vya Maji Maji vilipokuwa vinawaka kusini, jina la Kolelo lilivuma Uzaramoni kwamba amekataza watu kulipa kodi kwa Wajerumani. Miaka michache baadaye Martin Klamroth, mmisionari wa Kijerumani, aliyaandika masimulizi hayo, na mpaka leo wanahistoria wa Maji Maji huyarejea.

Namtaja Kolelo hapa kwa sababu. Ukimsikiliza mtu anayesema Mwafrika alimwogopa nyoka tu, mwonyeshe njia ile ya kwenda pangoni. Watu walitembea siku nyingi kumfuata nyoka, na si kumkimbia. Hofu ilikuwepo, na heshima ilikuwepo, na kulikuwa na watu maalumu waliopewa dhamana ya kusimama kati ya nyoka na jamii. Nafasi hiyo ya kusimama katikati ndiyo tutakayoikuta tena, kwa sura nyingine kabisa, kwa watu wa magharibi ya nchi walioshuka Morogoro kwa miguu na baadaye kwa treni.

Wanyamwezi walipita hapa kwa vizazi. Njia ya misafara kutoka Tabora kwenda Bagamoyo iligusa mji wa Simbamwene, ambao ndio mwanzo wa Morogoro. Reli ikafika Morogoro mwaka 1907 na Tabora mwaka 1912, na mashamba ya mkonge yakafunguliwa Tungi, Pangawe, Kimamba na kwingineko. Manamba wakaletwa kutoka Unyamwezi, Usukuma na sehemu nyingine za mbali, wakalala kambini, wakakata majani ya mkonge mpaka kipande chao cha kazi kijae. Mtu hawezi kuiacha ngoma yake kwenye stesheni, na baadhi yao ngoma yao ilikuwa ya nyoka. Aliyechanjwa dawa ya nyoka huko kwao alishuka Morogoro akiwa nayo mwilini, na shamba la mkonge, lenye panya wake na vichaka vyake, lilimpa nafasi ya kutosha ya kuonyesha alichojifunza.

Hao wacheza nyoka walikuwa na vyama. Usukumani chama kiliitwa Buyeye na wanachama wake Bayeye, na wapo pia Bagoyangi, ambao jina lao bado linasikika kwenye mashindano ya ngoma. Aliyekiandika chama hiki kwa undani ni Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtafiti wa jamii wa serikali ya Tanganyika. Makala yake ya mwaka 1946 ilieleza Buyeye kama chama cha siri chenye vyeo, ada, nyimbo na dawa zake. Mwaka 1953 akatoa kitabu juu ya jambo ambalo mimi naliona la ajabu kuliko yote: michoro ya ukutani. Ndani ya nyumba walimofundishwa wanachama wapya, kuta zilichorwa nyoka, watu na viumbe wa masimulizi, na michoro hiyo ilitumika kufundishia. Chama kilikuwa na darasa, na darasa lilikuwa na picha ukutani. Vijana walihitimu humo kabla ya kuruhusiwa kusimama uwanjani na chatu shingoni.

Kwa Wanyamwezi wa Tabora aliyeuvutia ulimwengu wa nje alikuwa Frederick Carnochan, Mmarekani aliyefika Tanganyika mwaka 1926 pamoja na msafara uliokuja kukamata wanyama hai kwa ajili ya bustani ya taifa ya Washington. Akasikia habari za chama cha nyoka, akarudi kukitafuta, na mwaka 1935 kikatoka kitabu chake alichokiita The Empire of the Snakes. Kama vitabu vingi vya wasafiri wa wakati ule, kimekolezwa chumvi. Lakini kilichomtoa Amerika mpaka Tabora ni swali zuri: hawa watu wanaumwa na nyoka, mbona hawafi?

Jibu la wenyewe lilikuwa chale. Mwanachama alichanjwa, na kwenye chale ikasuguliwa dawa ya mizizi iliyochanganywa na sumu au vichwa vya nyoka vilivyokaushwa, na zoezi hilo lilirudiwa. Mtu wa hospitali asicheke. Mwishoni mwa karne ya 19 wataalamu wa Ufaransa walianza kumdunga farasi sumu kidogo kidogo, wakiongeza kipimo, mpaka damu yake ikatengeneza kinga. Kinga hiyo ikichujwa ndiyo dawa ya sumu ya nyoka inayotumika hospitalini hadi leo. Huko Florida, Bill Haast, mwenye maonyesho ya nyoka, alijidunga sumu mwenyewe kwa miaka mingi, akaumwa zaidi ya mara 100, na akafariki mwaka 2011 akiwa na umri wa miaka 100. Bayeye waliwaza kwa njia hiyohiyo. Tofauti ni kipimo. Sumu iliyokaushwa juani na kuchanganywa kwa makadirio haina uhakika, na kinga ya swila haimzuii kifutu kuozesha nyama ya mguu. Waliokufa hawakurudi uwanjani kutoa ushuhuda, ndiyo maana sifa za dawa zikabaki kubwa.

Ngoma yenyewe ilikuwa shindano. Usukumani, baada ya mavuno, makundi mawili ya upinzani wa jadi, Bagika na Bagalu, hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja. Mshindi ni aliyevuta watu wengi zaidi. Umati ndio kura. Ukielewa hilo unaelewa nyoka anatafuta nini uwanjani: anavuta macho. Ngoma inapiga, mchezaji anafungua kikapu au mfuko, umati unarudi nyuma hatua tatu na kusogea mbele nne. Chatu huwekwa shingoni, mchezaji akihakikisha kichwa kiko mkononi na mkia haupati pa kujishikiza, maana chatu hubana kwa nguvu akipata nguzo. Swila akisimama, mchezaji huyumba, naye swila huyumba. Watu husema amekolewa na ngoma. Kwa kweli nyoka hana masikio ya nje. Huhisi zaidi mtikisiko wa ardhi kuliko wimbo, na anachofuata ni mkono unaomtishia. Mchezaji mzuri analijua jambo hili, ndiyo maana mkono wake hauendi haraka.

Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliiona thamani ya ngoma hii. Katika miaka ya 1950 alianza kujenga Bujora, karibu na Mwanza, mahali ambapo ngoma za Wasukuma zilitunzwa badala ya kulaaniwa, na sherehe za Bulabo huko zimewaleta wacheza nyoka mbele ya wageni kwa miongo mingi. Mapadri wengine wa enzi hizo waliona kwenye chale ushirikina tu. Nadhani Clement aliona mbali kuliko wenzake.

Kusini nako, Liwale na baadaye Newala, kulikuwa na mtu mmoja aliyejaza nafasi ambayo huku ilijazwa na chama kizima. C. J. P. Ionides, ofisa wa wanyamapori aliyezaliwa Uingereza mwaka 1901, alikamata nyoka kwa maelfu na kuwapeleka kwenye bustani za wanyama na maabara za sumu. Watu walimwita Bwana Nyoka. Yeyote aliyeona nyoka alimpelekea habari, akamwongoza mpaka kwenye mti au shimo, akalipwa. Vitabu viliandikwa juu yake akiwa hai, na alipofariki mwaka 1968 alikuwa maarufu duniani. Nami narudi kwenye swali langu lilelile: macho yaliyomwona nyoka kabla ya Bwana Nyoka kufika yalikuwa ya nani?

Miaka ya karibuni maonyesho yamehama uwanjani na kuingia kwenye masanduku ya kioo ya wafugaji. Chini ya Uluguru, kwenye msitu mdogo wa Kimboza, yuko mjusi wa buluu mwenye kung'aa ambaye Loveridge alimwandika mwaka 1952. Anaishi kwenye miti iitwayo mikadi. Wafugaji wa reptilia wa Ulaya na Marekani walipompenda, kikundi kimoja cha wakamataji kilichukua zaidi ya 30,000 kati ya mwaka 2004 na 2009, wakikata mikadi ili kuwafikia. Mwaka 2016 nchi zilizokutana Johannesburg zilipiga marufuku biashara ya kimataifa ya mjusi huyo anayekamatwa porini, na mwaka huohuo Tanzania ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai. Wacheza nyoka wa zamani walitembea na chatu yuleyule uwanja hadi uwanja. Biashara hii ya mjusi iliharibu mti na kumchukua mkaaji wake.

Wakati huohuo Uluguru bado inatoa nyoka wapya. Mwaka 2002 Donald Broadley na Van Wallach walimwandika nyoka mwembamba wa mitini mwenye meno kama majambia, Xyelodontophis uluguruensis. Ndugu zake wa karibu ni nyoka wa aina mbili ambazo ziliwaua wataalamu waliozidharau. Karl Schmidt wa makumbusho ya Chicago aliumwa mwaka 1957 na nyoka wa mitini wa Afrika, akarudi nyumbani, akaandika dalili zake kwa utulivu na kufa siku iliyofuata. Robert Mertens wa Frankfurt aliuawa mwaka 1975 na nyoka aliyekuwa akimfuga, wa aina inayofanana na tawi kavu, ambaye sumu yake haina dawa. Walikuwa mabingwa wa dunia. Mkulima wa Uluguru anayemwacha nyoka wa mtini apite zake amefanya uamuzi bora kuliko wao.

Hapo ndipo hasara yetu inapoonekana. Mcheza nyoka alipotoweka kijijini, tulidhani tumepoteza burudani. Kumbe huyohuyo ndiye aliyeitwa usiku nyoka alipoingia kwenye paa, ndiye aliyetofautisha mwenye sumu na asiye na sumu, na ndiye aliyekimbiliwa mtu alipoumwa. Mahali pake pamechukuliwa na panga linaloua kila kitambaacho, na lile jiwe jeusi la kubandika kwenye jeraha, mfupa uliounguzwa tu, ambalo vipimo vimeonyesha halinyonyi sumu. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka. Mwaka 2017 liliiweka ajali hii kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, na mwaka 2019 likaweka lengo la kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Kabla ya hapo, mwaka 2014, kampuni ya Ufaransa iliyotengeneza mojawapo ya dawa bora kwa nyoka wa Afrika ilikuwa imeacha kuitengeneza kwa sababu hailipi.

Kwa hiyo wewe unayelima Kinole, Matombo, Tegetero au Mgeta: anayeumwa asikatwe, asinyonywe jeraha, asifungwe kamba ya kukata damu. Mvue pete na bangili, mlaze, kifunge kiungo kisitikisike, mbebe hospitali. Usingoje siku hiyo ndiyo uulize. Uliza wiki hii ni hospitali gani iliyo karibu nawe yenye dawa ya sumu ya nyoka, na ukiambiwa hakuna, lipeleke jambo hilo kwenye mkutano wa kijiji na umtake diwani wako alijibu.